Mgeni wa Kiti cha Kinyozi

Mdogo wangu ni kinyozi, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiwaambia watu kwamba hilo ndilo jambo la kawaida pekee alilonalo. Chumba chake cha kazi kiko ghorofa ya chini, kati ya duka la makava ya simu na ngazi inayonuka paka. Ndani kuna kioo kirefu chenye ufa, benchi la wateja, redio, na kiti kimoja cha kuzunguka, cha ngozi nyekundu, alichokinunua kikiwa kimeshatumika kabla hata hajanunua kitanda. Anakipenda kiti hicho kuliko anavyonipenda mimi, na simlaumu. Kiti hakijawahi kumkemea.

Mimi ndiye dada yake mkubwa. Ni mtunza stoo wa shule ya bweni: mchele, sabuni, mablanketi, na funguo zinazonilialia kiunoni kama kengele za mbuzi. Kanisani naongoza maombi ya akina mama. Huko wananiita Kipaza, kwa sababu siku moja umeme ulikatika katikati ya ibada, nikaombwa niendelee bila kipaza sauti, na watu wa viti vya nyuma hawakugundua kwamba umeme umekatika. Jina hilo nililipokea kama nishani. Haikunijia kabisa kwamba watu wanaweza kumpa mtu jina huku wameziba masikio.

Mama yetu alifariki asubuhi, hospitalini, na mimi ndiye niliyempigia mdogo wangu simu. Alikuwa na mteja kitini, wembe mkononi, anamchonga ndevu za pembeni. Aliiweka simu kati ya bega na sikio. Kwa sauti yangu hii, mteja alizisikia habari pamoja naye. Wembe ukateleza. Halikuwa jeraha kubwa, ncha ya sikio tu, lakini sikio lina damu nyingi kuliko ukubwa wake. Mteja mwenyewe hakulalamika. Alikaa pale, shuka la kunyolea limemfika shingoni, damu inamtiririka, akasema, "Pole sana, kaka. Pole sana." Ikawa anayevuja damu ndiye anayefariji.

Tulimzika mama vizuri. Nasema vizuri kwa maana ya stoo: kila kitu kilikuwa mahali pake. Niliongoza nyimbo bila kukosea ubeti, nikahakikisha viti vinatosha, nikamnyamazisha binamu aliyekuwa akilia kwa kujitupa chini. "Mama yuko mahali pema," nilimwambia kila aliyenikaribia. Nililisema neno hilo mara nyingi hata likawa linatoka lenyewe. Mtu akiniuliza saa, nusura nimjibu kwamba mama yuko mahali pema.

Mdogo wangu aliporudi kazini, mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka. Nje ya kazi ulikuwa mzima. Alikunja nguo, alimenya kitunguu, alifunga kamba za viatu. Lakini akishika wembe tu, mkono unaanza. Baada ya muda ukaanza hata akishika mashine ya umeme, na mashine ikitetemeka juu ya mkono unaotetemeka, kichwa cha mteja hutoka kama shamba lililolimwa na wagomvi. Wateja ni watu wa huruma, lakini kila mtu ana kichwa kimoja. Wakaanza kwenda kwingine. Mwenye nyumba akasema atasubiri kodi miezi sita, kisha chumba atampa jirani wa makava, ambaye tayari alikuwa ameingia mara mbili kupima ukuta kwa hatua, huku akijifanya anakuja kutoa pole.

Hapo ndipo baba alipozidisha mambo. Baba hajanyolewa na mtu mwingine tangu mdogo wangu ajifunze kazi. Nilimpeleka kwa kinyozi wa sokoni, akakaa, akafungwa shuka, kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni kinyozi, baba."

"Kinyozi wangu ni mwanangu. Nifungueni."

"Baba, mwanao anaumwa mkono."

"Basi nitasubiri apone. Ndevu hazina haraka."

Kumbe ndevu zina haraka kuliko kitu chochote. Ziliota nyeupe, nene, hadi kifuani. Watoto wa mtaani wakaanza kumwita Nabii na kumwomba abariki mpira wao. Baba aliubariki. Lakini nilimwona mdogo wangu akimtazama baba wakati wa chakula, kisha akitazama mkono wake, kisha sahani. Alijua kwamba kila unywele ule unamsubiri yeye.

Sasa nieleze mambo yake. Tangu ujana, mdogo wangu na rafiki zake wawili, fundi umeme na fundi saa, walikuwa na kile walichokiita kazi ya ndani. Waliipata katika kitabu cha fotokopi kisicho na jalada. Mtu anakaa, anafumba macho, anaingia katika nyumba iliyo ndani ya kichwa chake. Kila chumba kina mlinzi. Unachora duara kukuzunguka, unamwita mlinzi, unamwamuru: hasira, toka, uvivu, toka, wivu, keti pale usiseme. Mimi niliuita uganga wa kichwani na nikaukemea kila nilipopata nafasi. Mama hakuukemea. Alikuwa akisema, "Mwacheni, huo ni usingizi wa mchana wenye maelezo marefu."

Kwa hiyo mkono ulipoanza, mdogo wangu aliuendea kwa njia yake. Kila Jumatatu, siku ambayo vinyozi hawafungui, alijifungia chumbani, akaingia katika nyumba yake ya ndani, akakitafuta kilichoushika mkono, akakiamuru kitoke. Na mimi, Jumapili, nilikuwa nimeshakiamuru kitoke kwa njia yangu, kwa mafuta ya kuombea na sauti ya kuvunja vioo. Mkono ukawa unafukuziwa mtu kutoka pande mbili. Ulizidi kutetemeka. Leo nikifikiria, hata mimi ningekuwa mkono ningetetemeka.

Ni fundi umeme aliyemshauri aende kliniki ya afya ya akili, pale hospitali. Mdogo wangu alikwenda kwa kunificha, akijua nitasema nini. Huko akakutana na mshauri, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini kiasi kwamba inabidi usogeze kiti. Anatumia tiba ya kukubali, yenye mazoezi ya kukaa kimya na kuangalia yanayopita akilini na mwilini bila kuyapiga vita. Mdogo wangu alimweleza kila kitu, hata nyumba yake ya ndani na walinzi wake. Alitegemea acheke. Mshauri hakucheka. Alimuuliza swali moja: "Unataka mkono usitetemeke, au unataka kunyoa?"

Akasema, "Si ni kitu kimoja?"

"Hicho ndicho tukiangalie," mshauri akamjibu.

Mtu mwingine angeichukua tiba ile kama alivyopewa: kaa, pumua, hisi, acha. Mdogo wangu hawezi kuchukua kitu bila kukichanganya na mambo yake. Aliirudisha nyumbani, akaiingiza katika kazi yake ya ndani kama mtu anayeingiza kabati kubwa katika chumba kidogo. Akaendelea kuchora duara. Alilichora kwa poda ya kinyozi, ile tunayopakwa shingoni, akalizungushia kiti chekundu. Lakini sasa yeye alikaa nje, juu ya benchi, na kile kitu akakipa kiti. Hakukiamuru tena. Alikifunga shuka safi, akakirekebishia urefu wa kiti, akakiuliza kama anavyowauliza watu wote, "Karibu. Leo tufanyeje?" Kisha akakaa akiuangalia mkono wake ukitetemeka, akiufuata pumzi kwa pumzi, bila kuuambia uache.

Haya yote sikuyajua. Nilichojua ni kile nilichokiona Jumatatu moja kupitia pazia la mlango, nilipompelekea chakula: kiti kitupu kimevishwa shuka, duara jeupe sakafuni, na mdogo wangu anazungumza nacho kwa adabu ambayo hajawahi kunionyesha mimi.

"Sikufukuzi," alikuwa akisema. "Kaa tu. Ukitaka kutetemeka, tetemeka. Mimi nipo."

Sufuria ya maharage nusura inidondoke. Niliiweka mlangoni, nikageuka taratibu, jambo ambalo si desturi yangu, nikaenda moja kwa moja kuwaita wenzangu.

Kikosi chetu kilikuwa na watu watatu: mimi, Katibu wa akina mama, ambaye huenda popote akiwa na mkoba na mwavuli, na Mwimbishaji, mama mnene wa kupendeza ambaye haogopi kitu isipokuwa mjusi. Jumatatu iliyofuata tulijipanga nje ya pazia. Nilikuwa nimefunga tangu jana yake, kwa hiyo nilikuwa na nguvu za kiroho na kizunguzungu cha kimwili. Ndani, mdogo wangu aliongea na kiti. Nikahesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu, tukaingia kwa kishindo.

"Toka!" nikapaza. "Wewe unayekalia kiti cha mdogo wangu, toka sasa hivi!"

"Toka!" akasema Katibu, akielekeza mwavuli.

Mdogo wangu aliruka kutoka benchi. "Dada! Nani kafa?"

Nadhani hilo lilikuwa swali la haki, kwa jinsi ninavyoleta habari. Lakini sikulisikiliza. Nilikizunguka kiti nikikikemea, Katibu nyuma yangu, na Mwimbishaji akaanza wimbo wa vita huku akipiga hatua. Hatua ya tatu ilitua juu ya poda. Poda kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa haina mchezo. Mguu mmoja ukaenda mbele, mwingine ukabaki kufikiria, na Mwimbishaji mzima, wimbo bado uko kinywani, akatua kitini. Kiti kikazunguka naye mara moja na nusu, kikasimama amewatazama watu kwenye kioo.

Katibu alishusha mwavuli.

Mdogo wangu akasema taratibu, kama anayetoa taarifa, "Mama, umemkalia."

Sijawahi kumwona mtu wa umbo lile akiondoka kitini kwa kasi ile. Alitoka na shuka shingoni, akalipita pazia, akapita duka la makava, na jirani akatoka nje kuuliza kama kinyozi ameanza kukata watu tena. Katibu akamfuata kwa kisingizio cha kumpelekea mwavuli. Nikabaki mimi, sufuria yangu ya wiki iliyopita ikinitazama kutoka juu ya kabati, na mdogo wangu amekaa chini sakafuni, amejikunja, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashindwa kupumua, na mimi nikakasirika kwa sababu nilikuwa nimefunga na sina nguvu za kucheka.

"Unamchekea nani?"

"Dada, hakuna mtu mle. Ni hofu yangu tu. Nimeipa mahali pa kukaa."

"Hofu haipewi kiti! Hofu hukemewa!"

"Nimeikemea. Wewe umeikemea. Imeondoka?"

Mimi nikaongeza sauti. Alinisubiri nimalize. Kisha akaniambia habari za kliniki, na kwamba mshauri wake ameomba aje na ndugu mmoja, na kwamba, kwa bahati mbaya, ndugu aliye karibu ni mimi.

Nilikwenda. Nilikwenda na Biblia yenye karatasi za rangi katika aya zote nilizopanga kumpiga nazo yule mama. Chumba chake kilikuwa kidogo, kina viti vitatu vinavyofanana, dirisha linaloangalia tangi la maji, na feni inayolalamika. Nilimweleza msimamo wangu tangu mwanzo: uchawi sitaki, majini sitaki, na kukaa kimya ni sawa mradi mtu anajua anakaa kimya mbele ya nani.

"Nakubali," alisema kwa sauti yake ile ya chini.

Nilikuwa sijajiandaa kukubaliwa. Nikafunga Biblia.

Alituomba tufumbe macho, tufuate pumzi, na mawazo yakija tuyaone yamekuja, basi. Pumzi ya kwanza nilimwombea yule mama aokoke. Pumzi ya pili nikakumbuka kwamba sabuni ya unga stooni imebaki magunia machache. Pumzi ya tatu nikawaza kama chumba hiki kinafagiliwa na nani, maana kona haijaguswa. Halafu nikafanikiwa kabisa kuwa mtulivu, nikajisifu moyoni kwamba jambo lenyewe jepesi, kumbe nilikuwa nimelala. Mdogo wangu anasema nilikoroma kwa ufunguo uleule wa sauti ninaoombea. Mshauri aliniamsha kwa kunigusa mkono.

"Usingizi nao umekuja," alisema. "Umeuona?"

"Sikuuona. Umenikuta."

Alitabasamu. Akamuuliza mdogo wangu mambo yake, wakazungumza, nami nikasikiliza nikitafuta kosa. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama? Tangu msiba, unahisi nini?"

"Sihisi kitu. Namshukuru Mungu."

"Hata mwilini?"

"Mama yuko mahali pema," nikasema.

"Na wewe uko wapi?"

Nilifungua kinywa. Mimi, Kipaza, ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya umati, nilitazama tangi la maji nje ya dirisha na sikupata neno. Kisha nikakasirika, nikamwambia feni yake inahitaji mafuta, nikatoka nikamsubiri mdogo wangu kwenye korido. Njiani kurudi alininunulia karanga. Nilizila zote bila kumpa.

Siku chache baadaye nilikwenda kwenye chumba chake mchana, wakati yeye amekwenda kwa fundi saa. Nilikuwa na ufunguo, kama kawaida yangu, kwa kuwa naamini kila mlango unaowahusu ndugu zangu unanihusu. Nilikusudia kufagia. Duara lilikuwepo, kiti kipo katikati, shuka limekunjwa juu yake. Nilishika ufagio. Nikajiambia, nikilifagia hili duara, nitakuwa nimemaliza ushirikina. Nikajiambia tena, kwanza nikae, miguu inauma. Benchi lilikuwa karibu zaidi. Sijui kwa nini nilikwenda kwenye kiti.

Sitasema kwamba niliingia katika nyumba ya ndani. Sina nyumba ya ndani, nina stoo, na hata hiyo imefungwa. Nilikaa tu, nikijiona kwenye kioo chenye ufa, mwanamke mwenye kitambaa kichwani na ufagio mapajani kama fimbo ya kifalme. Nikaanza kuomba kwa sauti. Sauti ikagonga kuta nne za chumba kile kidogo ikanirudia usoni, na nikakumbuka mama alivyokuwa akinigongea ukuta nikiomba alfajiri: "Mwanangu, Mungu si kiziwi! Na sisi tumelala!"

Nikanyamaza. Na nilipoinyamazisha ile sauti, kilichokuwa nyuma yake kikatokea. Hakikuwa shetani. Kilikuwa kama mtu ameniwekea jiwe la kusagia hapa katikati ya kifua, na jiwe lenyewe lina joto. Nilitaka kulikemea. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Badala yake nikasema, polepole, "Bwana, hili hapa." Basi. Sikumwambia alitoe wapi, alipeleke wapi, kwa njia ipi na kabla ya saa ngapi, kama nilivyozoea kumpangia kazi. Nilimwonyesha tu. Nililia kwa sauti iliyomfanya jirani wa makava azime redio yake. Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwangu, nilipaza sauti bila kumwamuru mtu yeyote kitu.

Nilipomaliza jiwe lilikuwa bado lipo. Hilo liliniudhi kidogo, nilidhani kuna malipo. Nikatoka nje ya duara kwa uangalifu, nikiinua gauni, nikafagia chumba chote isipokuwa pale.

Nisieleweke vibaya. Ile habari ya walinzi na vyumba bado siipendi, na kitabu kile cha fotokopi nikikipata nitakiwashia jiko. Nimemwambia hivyo. Naye amenijibu kwamba mafuta yangu ya kuombea ni yaleyale ya kukaangia, ameona chupa. Tumeachana hapo.

Juma la mwisho la ile miezi sita, jirani wa makava alileta futi ya chuma na kuanza kupima ukuta waziwazi. Mdogo wangu alimtazama, akamwacha apime. Kisha akaja nyumbani, akasimama mbele ya baba aliyekuwa akianua nguo zake mwenyewe kwenye kamba ya uani, ndevu zimenaswa na kibanio.

"Baba, kesho nakunyoa."

"Mkono umepona?"

"Haujapona."

Baba alijinasua ndevu. "Basi kesho," akasema.

Usiku ule, nikiri, nilipanga mpango. Ningemwita Katibu. Ningemwomba Mwimbishaji, kama angekubali kurudi. Asubuhi nikajikuta nimekwenda peke yangu, bila chupa, na mdogo wangu akanipa kazi ya kushika taa ya tochi, maana balbu ya juu ya kioo ilikuwa imeungua. Ni kazi aliyoichagua kwa busara. Mtu anayeshika tochi hawezi kunyanyua mikono.

Alimfunga baba shuka. Alipunguza ndevu kwa mkasi hadi zikabaki fupi, na nywele nyeupe zikalala sakafuni kama pamba iliyotoka kwenye mto. Akapaka povu. Akabadilisha wembe, akaushika. Mkono ukaanza.

Sote tuliuona. Kwenye kioo tuliuona mara mbili.

"Baba, mkono unatetemeka," mdogo wangu akasema.

"Naona. Na mimi shingo inatetemeka, umri huu. Tutakutana katikati."

Mdogo wangu hakucheka. Alisimama, akavuta pumzi, akaitoa, akauangalia mkono wake kama anavyomwangalia mteja mgeni, akijua atakaa naye kwa muda. "Karibu," akasema kwa sauti ya chini. Nikafumba macho nianze kuomba.

"Dada, taa!"

Nikafumbua. Alikuwa ameegemeza kidole cha mwisho kwenye taya la baba, ili mkono upate pa kusimamia, na wembe ulikuwa umeanza kushuka. Kidogo. Akasimama. Mkono ukatetemeka ulivyotaka, akauacha, ukapungua, hakungoja uishe, akashuka tena kidogo. Hivyo ndivyo alivyokwenda, shavu la kwanza, chini ya pua, kidevu. Kisha akafika kwenye koo. Niliomba macho wazi, bila sauti, maneno matatu yaleyale: Bwana, hili hapa. Sijui kama ni sala inayotambulika. Baba alikuwa ameanza kusinzia.

Alimkata mara moja, chini ya sikio, mkato mdogo kama wa mbu. Sote wawili tuliganda. Baba akafumbua jicho moja.

"Mama yenu alinifanyia mkubwa kuliko huo kwa kisu cha mboga," akasema. "Endelea."

Kazi ambayo zamani ilimchukua muda wa wimbo mmoja wa redio ilimchukua asubuhi nzima. Alipomfuta baba kwa taulo na kumgeuzia kiti kwenye kioo, hatukuwa tumejiandaa kwa tulichokiona. Zile ndevu zilikuwa zimeficha mambo. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Shingo ilikuwa imebaki kamba mbili. Miezi yote ile nilikuwa nikimpakulia chakula na kuhesabu vijiko vilivyorudi, na sikuona kwamba baba yetu anaisha nyuma ya unabii wake.

Alijitazama muda mrefu. Akapitisha kiganja kwenye kidevu, juu, chini.

"Sasa hapa angenitambua," akasema, na uso wake wote, ambao haukuwa na mahali pa kujificha tena, ukaanza kulia.

Nililihisi lile neno likipanda kooni, mama yuko mahali pema, limeshajipanga, limeshavaa viatu. Nikalirudisha. Nikashusha tochi, nikaupata mkono wa baba chini ya shuka, nikaushika. Mdogo wangu alikuja upande wa pili akamshika bega, na mkono wake ulikuwa unatetemeka juu ya bega lile, na hakuna aliyeuambia kitu.

Tulikuwa bado tuko hivyo pazia liliposogezwa. Mtu wa makamo, mwenye nywele za wiki nyingi na ndevu za mtu aliyeachwa, alichungulia ndani. Alimwona mzee analia kitini, kinyozi macho mekundu, na mimi na tochi inayowaka mchana.

"Samahani," akasema. "Mnafanya kazi leo?"

Mdogo wangu alijifuta uso kwa taulo la baba. "Tunafanya. Lakini nikuambie mapema, ndugu yangu. Mkono wangu unatetemeka."

Yule mtu alifikiri, akiwa bado amelishikilia pazia.

"Unatetemeka sana?"

"Wastani."

"Basi anza na nywele kwa mashine," akasema, akaingia akakaa kwenye benchi. "Habari ya ndevu tutazungumza tukifika."